Visa ya Mchumba, Mkono wa Marehemu

Sehemu ya saba

Mlioanza nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilipofikia. Mliochelewa, sogeeni niwafungulie kidogo, maana wiki hii mambo yanakwenda mbio na sitaki mtu aniulize njiani.

Mimi ni mpiga picha. Mtaani wananiita Fufua, kwa sababu kazi inayonilisha si kupiga picha, ni kuziunganisha. Baba aliyekufa kabla ya harusi ya bintiye, mimi namsimamisha nyuma ya bibi harusi, kavaa suti ambayo hakuwahi kuimiliki. Watu wanalia, wananishukuru, wanakwenda kuitundika ukutani. Pia nina kibali cha kupiga zile picha ndogo za pasipoti na visa, zile ambazo mtu haruhusiwi kucheka.

Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka juzi nilipelekwa nchi ya mbali, wiki tatu, kujifunza mashine mpya ya kuchapia, na huko nikakutana na mwanamke. Ni fundi wa meno ya bandia. Yeye anatengeneza meno ya bandia, mimi natengeneza kumbukumbu za bandia, tukaivana siku ya kwanza. Lugha yetu alijifunza ukubwani, anaizungumza polepole na kwa adabu kutushinda sisi wenyewe. Nilipomvisha pete aliuliza sasa aniite nani, nikamwambia mimi ni mume mtarajiwa. Basi tangu siku hiyo naitwa Mtarajiwa.

Alikuja kwetu mara moja tu, siku kumi na mbili, kwa visa ya matembezi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye serikali ya nyumba yetu, alimpa chai lakini jina lake alikataa kulitaja. Alipoondoka akambandika lake: Wa Simu, kwa kuwa anaishi ndani ya simu yangu. Nina aibu kusema kwamba nami nililizoea.

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa mbele ya Bwana Fomu, na fomu mbili ziko mezani.

*

Bwana Fomu alikula miaka thelathini uhamiaji kabla hajastaafu. Sasa amekodi pembe ya duka la karatasi jirani na studio yangu, anajazia watu fomu na kuwatisha.

"Hii ya kushoto," alisema, "ni visa ya mwenza. Unakwenda kwao, mnafunga ndoa kwa msajili, unarudi na cheti. Halafu mnasubiri mwaka, mwaka na nusu. Inachosha, lakini cheti kinajisemea chenyewe."

"Na hii?"

"Visa ya mchumba. Miezi minne, mitano. Anakuja, mnapewa siku tisini za kuoana, zikipita anarudishwa. Ila hapa huna cheti, Fufua. Hapa unamshawishi afisa kwa maneno na picha. Na afisa ameshaona kila aina ya mapenzi."

Nilimpigia Wa Simu pale pale.

"Chagua ya cheti, Mtarajiwa," alisema. "Kazi yangu yote ni kusubiri. Nta ipoe, plasta ikauke. Mwaka na nusu nitauweza."

"Watu watasema umenitosa."

"Watu gani?"

Watu maana yake Dada. Nilitaka aje upesi, nimwoe hapa hapa, kwenye ukumbi ule ule nilikofungia ndoa ya kwanza, Dada akiwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, apende asipende. Ningekwenda kumwoa ugenini angesema nimeiba. Ndiyo sababu yangu nzima, sina nyingine. Mwanamke mwenye akili aliniambia njia salama, mimi nikachagua njia ya kumkomoa dada yangu.

"Nijazie ya mchumba," nikamwambia Bwana Fomu.

Yule mzee akavua kofia ya kalamu yake.

*

Siku ya tatu akanirudishia faili langu kama mwalimu anayerudisha daftari lenye makosa.

"Picha arobaini na mbili," alisema. "Nyinyi wawili bustanini. Nyinyi wawili stendi. Nyinyi wawili mnakula mahindi. Mama yuko wapi? Dada yuko wapi? Hata mjomba aliyepita njia hayumo! Afisa akiona hivi anasema hawa ni watalii."

"Mama anamjua. Alilala kwetu siku kumi na mbili."

"Nionyeshe."

Sikuwa nayo. Siku ya pili ya ugeni wake nilitoa kamera na vigoda uani nikawaita wote. Dada alitoka jikoni, akajifuta mikono, akaniangalia mimi na yule mgeni aliyekwisha kuchana nywele.

"Sisi tumeshapigwa picha," alisema, akaonyesha sebuleni kwa kidevu.

Ukutani mle iko picha ya siku Mama alipotimiza miaka sabini. Dada yuko nyuma na mumewe. Mimi niko pembeni na tai inayonikaba. Katikati amekaa Mama, na kando yake amekaa marehemu mke wangu, na Mama ameushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, ameupakata mapajani. Ndiyo picha pekee ambayo Mama anacheka.

Basi nilifanya nini? Mnajua nilifanya nini. Jina langu Fufua.

*

Nilifunga studio saa saba mchana, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimekwenda kula.

Wa Simu nilimtoa kwenye picha ya bustanini, amekaa kwenye benchi na gauni lake la kijani. Mwanga ulikuwa unatoka upande ule ule. Mabega yalilingana. Nikawaza, hata Mungu anataka.

Kisha nikamfuta mke wangu.

Nilianza na uso, kwa sababu nilijua nikiuacha mpaka mwisho nitashindwa. Nikaenda shingo, bega, gauni. Nimefufua wafu wa watu wengi katika mtaa ule, na aliyekuwa wangu nilimfuta kwa dakika ishirini.

Mkono ndio ulionishinda. Niliufuta mara mbili. Kila nikiufuta, vidole vya Mama vinabaki vimekumbatia hewa, na mkono wa Wa Simu haukukubali kuingia mle, ulikuwa umenyooka juu ya benchi. Fundi mwingine angekaa siku tatu akajenga mkono mpya. Mimi nikaurudisha wa zamani, nikaurefusha kidogo kifundoni, nikaupaka rangi ulingane na ngozi ya mgeni, nikauunga na gauni la kijani. Ukakaa.

Nitawadanganya nikisema ilikuwa uvivu. Nilikuwa nimeushika mkono ule miaka kumi na moja. Sikuweza.

Marehemu alikuwa fundi cherehani. Mwaka wetu wa pili wa ndoa sindano ya mashine ilipita kwenye kidole cha shahada cha mkono ule, kikavimba, kucha ikang'oka na haikuota tena. Ncha ikabaki imepinda, kama mtu anayeonyesha kitu kilicho kwenye kona. Nilikizoea kidole kile hata sikukiona tena. Siku ile pia sikukiona.

Mlango ukagongwa.

"Fufua, fungua! Najua hujaenda kula, kula unakula kwangu."

Alikuwa Dada, anataka picha ya kitambulisho. Aliingia kabla sijazima kioo cha kompyuta.

Akaitazama ile picha. Akavaa miwani. Akainama karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu juu ya kioo. Alikaa vile muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujitetea bila kuulizwa.

"Ni kwa ajili ya fomu tu, Dada. Haitatoka nje. Ile ya ukutani iko pale pale."

Akavua miwani.

"Umeiweka vizuri," alisema.

"Hukasiriki?"

"Nikasirike nini? Si unataka kuoa? Oa." Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha shingo, akafunua masikio kama inavyotakiwa. "Ila usiiguse tena hiyo. Iko sawa hivyo hivyo."

Nilimpiga picha kwa furaha. Nikasema leo ukuta umeanguka. Nikamsindikiza mpaka barabarani, na hilo sikuwa nimelifanya tangu msiba wa mke wangu.

*

Kuna jambo moja sikulifanya. Sikumwambia Wa Simu.

Nilijua angekataa. Mwanamke yule jino likizidi kwa unene wa unywele analivunja anaanza upya. Basi nikasema nitamwambia Jumapili, tukiwa tumetulia. Jumapili ikaja tukazungumzia mapazia. Nyingine ikaja, akanipa habari kwamba ameshaaga kazini na meza yake amepewa msichana mwingine, na chumba chake amekirudisha kwa mwenyewe, yuko kwa shangazi yake na mabegi mawili. Alikuwa anacheka. Nikaona nisimharibie.

Tarehe ya mahojiano ikatoka mapema, katika ofisi ya visa ya nchi yetu kule kwao. Asubuhi ile alinitumia picha yake amevaa gauni jipya, na maneno mawili: Ninakuja, Mtarajiwa.

Alinipigia saa nane mchana. Nilikuwa na mteja kwenye kigoda. Nikamwambia mteja asitingishike, nikatoka nje.

"Vipi? Wamekupa?"

"Nina swali moja," alisema. "Lakini nitakueleza kwanza, kwa mpangilio."

"Sema."

"Afisa alikuwa kijana mpole. Aliangalia picha za mahindi, akacheka. Akaweka moja mezani peke yake. Akaniuliza, huyu mama ni nani? Nikasema ni mama mkwe wangu mtarajiwa. Kisha nikaona niliyekaa pembeni yake ni mimi."

Nikaufunga mlango wa studio nyuma yangu.

"Nimevaa gauni la bustanini. Sikuwahi kukaa pale, Mtarajiwa. Mama yako hakuwahi kunishika mkono. Nilimpa mkono siku ya kuaga, dada yako akamwita ndani."

"Ukamwambia nini?"

"Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nikasema ndiyo, ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeiweka."

Mteja wangu alikuwa ananichungulia kupitia kioo, kidevu juu, masikio nje, bado hajatingishika.

"Akaniuliza siku ile ilikuwaje," aliendelea. "Nikasema mama ana mikono ya joto. Maskini, nilisema hivyo. Akaniambia, naomba mkono wako wa kushoto. Nikaweka mezani. Akaweka picha kando yake. Akahesabu kucha zangu kwa kalamu, moja moja, kama mtoto. Zilikuwa tano."

Hapo ndipo nilipokiona kile kidole. Nikakiona wazi kuliko nilivyowahi kukiona mwenye nacho akiwa hai.

"Swali langu ni hili," alisema. "Mkono ule ni wa nani?"

Nikamwambia.

Nilisikia magari ya kwao yakipita. Nilisikia mtu akimwomba apishe njia, naye akamwomba radhi. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angenitukana:

"Basi nimeketi juu ya mke wako. Ungeniambia ningesimama."

Akakata.

*

Barua ilinifika siku ya kumi. Mchumba wangu amezuiwa kwa kumdanganya afisa, na mimi nifike ofisi ya uhamiaji nitoe kauli kuhusu picha iliyoambatanishwa. Nikampelekea Bwana Fomu. Aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa raha.

"Hapa kuna uwongo mmoja na watu wawili," alisema. "Wanamtaka aliyeutunga. Ukisema ni wewe, basi yeye alishtukizwa, akaropoka kwa hofu. Atapewa onyo, na ataweza kuomba tena. Wewe utanyang'anywa kibali, na kughushi ni mahakamani. Miaka miwili huwezi kukosa."

"Na nikisema ni yeye?"

"Wewe unarudi studio. Yeye hakanyagi nchi hii mpaka anaingia kaburini."

"Mzee, na ile visa ya mwenza... ile ya cheti. Wangetaka picha ya Mama?"

"Ya nini? Cheti kinatosha." Akaifunga kalamu yake. "Nilikwambia. Wewe ulikuwa na haraka ya harusi."

*

Nilipofika nyumbani, Dada alikwisha kuichukua barua mfukoni mwa koti langu kabla sijavua viatu. Aliisoma kwa sauti sebuleni, mstari kwa mstari, kisha akatoa ile nakala ya picha akampa Mama.

"Dada, mwache Mama."

"Si picha ya familia? Na aione."

Mama haoni vizuri. Aliisogeza mpaka karibu na pua, akaizungusha kutafuta mwanga wa dirisha. Kwanza alicheka, maana alijiona anacheka. Halafu akaacha.

"Huyu aliyekaa kwa mwanangu ni nani?"

Mama hakuwahi kumwita marehemu mkwe, alimwita mwanangu.

Akaipapasa kwa kidole gumba, akafika mapajani mwake mwenyewe ndani ya picha, akasimama hapo.

"Mkono wake huu hapa," alisema. "Mkono si huu? Mwenyewe mmempeleka wapi?"

Akaniangalia mimi. Mama yangu ana miaka sabini na tisa, amezika mume na watoto wawili, na sikuwahi kumwona ananiogopa. Akaipindua ile karatasi, akaiweka kifudifudi juu ya goti, akaomba apelekwe chumbani.

Nilimfuata Dada jikoni nikiwa nimepandwa na hasira ya mtu mwenye makosa, ambayo ndiyo kali kupita zote.

"Umefurahi sasa? Umemwua Mama!"

"Mimi?" Alikuwa anaosha vikombe. "Mimi nimetengeneza picha?"

"Ulisema iko sawa! Ulikaa pale pale, ukaiangalia, ukasema nisiiguse!"

"Nilisema."

Alilitamka neno lile taratibu, na hapo nikaelewa.

"Dada. Ulikiona kile kidole."

Akaweka kikombe kwenye kichanja. Akachukua kingine.

"Sindano ilipomchoma nani alimfunga kitambaa? Wewe ulikuwa unazunguka na kamera yako kwenye harusi za watu. Mimi ndiye niliyemshika mkono ule, damu ikanilowesha mpaka hapa. Nikione, nisikione?" Hakupandisha sauti. "Nilikiona kabla sijakaa kwenye kigoda chako. Nikasema, huyu bwana amemfuta rafiki yangu mzima, kabakiza kidole kimoja. Basi acha kidole kijitetee."

"Umemfungia mtu maisha. Mtu hajakukosea chochote!"

"Hajanikosea. Amekaa tu." Akajifuta mikono. "Sasa sikia. Kesho unakwenda kusema ni yeye. Dawa za Mama nani ataleta, ukikaa ndani miaka miwili? Usijitie ushujaa, mdogo wangu. Hukuwa nao hata wa kumwambia mwenzio habari ya picha."

Ningempiga. Kilichonizuia ni kwamba kila alilosema lilikuwa kweli.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi, feni moja na kiti kilichofungwa waya mguuni. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye sweta, na faili letu liko mbele yake. Dada alikuja nami. Aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje, akakaa na mkoba mapajani kama amekuja kunipokea hospitali.

"Karibu, fundi," alisema yule afisa. "Wewe ni fundi wa kuunganisha picha?"

"Ndiyo, mama."

"Na mchumba wako?"

"Wa meno ya bandia."

"Na hii picha imeunganishwa na nani? Fikiri kwanza."

Usiku mzima nilikuwa nimefikiri. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimepiga moyo konde kusema ukweli, wallahi. Ghorofa ya kwanza nilikuwa na ukweli. Ya pili nilikuwa nao. Nilipoona polisi amesimama kando ya mlango, kijana tu, anasoma gazeti, ulimi wangu ukachagua wenyewe.

"Ni yeye," nikasema.

"Fundi wa meno."

"Siku hizi simu inafanya kila kitu, mama. Alipotutembelea aliipiga ile ya ukutani. Mimi nilipokea faili limekamilika, sikukagua."

"Na mkono huu hukuutambua?"

"Sikukagua."

Akanisogezea karatasi. Nikaandika mstari mmoja: Picha hii ilitengenezwa na mchumba wangu bila mimi kujua. Nikaweka sahihi. Mkono haukunitetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo ninapowaandikia.

Afisa aliisoma. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi nyingine, akaiweka sambamba na yangu.

"Hii aliiandika yeye Jumatatu, kwenye ofisi yetu ya kule. Hakuitwa. Alikuja mwenyewe."

Nilijua mwandiko. Herufi zimesimama wima, moja moja, za mtu aliyejifunza lugha kwa daftari. Picha niliitengeneza mimi. Fundi hajui kitu. Naomba msimnyang'anye kazi yake, ana mama.

Nikasoma mara tatu. Chini yake alikuwa ameandika jina lake lote, lile ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutamkwa.

"Nimekaa kiti hiki miaka kumi na tisa," alisema afisa. "Sijawahi kupata waongo wawili wanaolingana hivi. Tofauti yenu ni ndogo tu. Yeye amedanganya kwa ajili yako. Na wewe umedanganya kwa ajili yako."

"Mama, naomba karatasi yangu."

"Ya nini?"

Sikujua ya nini. Nilitaka tu isiwe mezani.

"Mpaka nigonge muhuri, hii bado ni kauli yako, unaweza kuifuta. Ukiifuta, yule kijana wa mlangoni ataacha gazeti. Lakini kuna utaratibu. Kila upande husomewa maneno ya mwenzake kabla hatujafunga faili. Kwa kawaida nasoma mimi." Akavuta simu ya mezani, akabonyeza tarakimu nyingi, akaiweka kwenye spika. "Leo nimechoka. Utasoma wewe."

Ikaita mara mbili. Sauti ya mwanamume ikajibu, wakasalimiana kiofisi, akasema yule fundi wa meno yuko hapa, tangu asubuhi yuko hapa. Nikasikia mlango, nyayo, kitu kinawekwa chini. Pengine begi.

"Mtarajiwa?"

Nikaiinamia simu.

"Mtarajiwa, ni wewe? Wamesema una maneno umeandika, utanisomea mwenyewe." Alikuwa anahema kidogo, ametembea haraka. Kulikuwa na furaha ndani ya sauti ile, furaha ya mtu ambaye hakutegemea kupigiwa. "Subiri, nivute kiti, nisikose hata neno."

Kiti kikaburuzwa huko mbali, nchi nzima ikiwa katikati yetu. Nje ya mlango nikasikia Dada akikohoa.

"Haya, nimekaa," alisema. "Nisomee."

Afisa akafungua pedi ya wino, akaegemea nyuma, akakunja mikono. Nikaichukua karatasi yangu, nikaisogeza karibu na simu, nikasafisha koo.